Mbwa Aliyeachwa Bweni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Chumbageni goti la babu yako bado linamsumbua, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza mbwa gani mdogo atawafaa wanao. Habari za najisi unazijua, sizirudii. Nitakuambia habari ya Simba.

Tulikuwa tukikaa Pangani. Simba alikuwa kijibwa cha kimo cha sufuria, na mama alimkubali kwa sharti kwamba alale uani, ale kwenye kifuu chake. Siku moja niliachiwa mdogo wangu Salimu, wa miaka miwili, nimwangalie. Nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Salimu akatia mkono kwenye kifuu mbwa akila, akang'atwa kidole.

Baba akaniuliza, "Ilikuwaje?"

Nikamjibu, "Simba mkali, kamrukia mtoto."

Alasiri ile ile baba alimvusha Simba kwa kivuko, akamwacha Bweni, ng'ambo ya mto. Siku tatu tulimsikia akibweka kutuelekea sisi. Siku ya nne hatukumsikia.

Basi mbwa usiniulize. Awe mdogo awe mkubwa, atakula, na mtoto atatia mkono. Jiulize siku hiyo uani atakuwapo nani, na akiulizwa atasema nini.

Jioni ya siku ile ya kung'atwa, mama alimwosha Salimu mkono mara saba kutoa najisi, mara moja kwa udongo. Mimi hakuniosha, kwa kuwa sikuguswa na mbwa.

Bibi yako,
Mwanakombo