Ulichomwuliza Mungu Njiani

Baba Neema, mume wangu,

Mvua haijakatika tangu asubuhi hapa mtaani kwetu Nyakasanza. Neema yuko masomoni, nami nimepata nafasi ya kukuambia mambo ambayo siwezi kumwambia mwingine.

Siku ile ya kwenda Mahagi kununua maharage, tulisali mlangoni kama kawaida yetu. Uliweka mkono juu ya kichwa cha Neema, ukamwomba Mungu ailinde njia. Kisha ukapanda lori la dereva Janvier, mkaondoka. Upande wa Djugu watu wenye silaha wakawakatia njia. Uliletwa nyumbani jioni, umefunikwa turubai.

Matangani watu walinishika mikono. "Mama, ni mapenzi ya Mungu." Moyoni nilikuwa nauliza, Mungu gani anapenda hivi?

Kisha Janvier, ambaye risasi zilimkosa, alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Mungu aliniokoa!" Watu wakapiga vigelegele. Korali uliyokuwa ukiimbisha weye ikaanza wimbo. Nikamshika Neema mkono, tukatoka. Kama Mungu alimwona Janvier, weye ulikuwa umejificha wapi asikuone?

Tangu hapo sikusali tena. Wamama wa kanisa walikuja, nikawapa chai, wakasali peke yao. Neema alipotaka tubariki chakula, nilimwambia, "Kula, mwanangu, kitapoa." Mimi huyu, uliyekuwa ukinicheka kwamba uji unaungua ningali magotini! Nikifumba macho sikuona mtu wa kusema naye.

Ndipo Janvier akaja nyumbani. Amekonda, ameacha kuendesha. Nilimwonyesha kiti, hakukaa.

"Mama Neema, kanisani sikusema yote."

"Uliacha nini?"

"Bwana yako hakukufa palepale. Tulikuwa tumelala chini ya lori. Alikuwa analia. Alikuwa anasema, 'Mungu, weye uko wapi? Mungu, weye uko wapi?' Mpaka sauti ikaisha. Nilisikia haya kusema vile mbele ya watu, sababu yeye alikuwa mukubwa wa korali."

"Na weye, Mungu alikuokoa?"

Alitazama chini. "Sijui, mama. Watu walingojea niseme vile. Kila siku najiuliza sababu gani mimi niko muzima."

Nilimwambia aondoke. Sikumwambia kwa upole. Kisha nilikaa chini jikoni, nikakulilia kama siku ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua uliumia, tena uliogopa.

Siku zilipita ndipo nikaweza kuyafikiri maneno yako. Imani yako ilikuwa kubwa kuliko yangu, na ilifika mwisho ikiwa na swali. Lakini ulimwuliza Mungu mwenyewe. Uliishiwa damu ukiwa ungali unamwita. Hata Yesu msalabani alimwuliza Baba yake. Mimi nilidhani anayeuliza amekwisha kutoka nyumbani mwa Mungu.

Nikapiga magoti kando ya kitanda chetu. "Mungu, ulikuwa wapi?" Nikarudia kwa hasira, nikapiga godoro ngumi, nikasema mambo ambayo wamama wa kanisa wangeyasikia wangeziba masikio. Nilipoinuka magoti yalikuwa yanauma, na nikatambua kwamba nilikuwa nimesali.

Jumapili tulirudi kanisani. Janvier alikuwa amesimama nje karibu na dirisha, kama mtu asiyeruhusiwa kuingia.

"Mama, huyu si ule baba wa lori?" Neema akauliza.

"Ni yeye. Umuite."

Nikasogea, Janvier akaingia, akakaa kwenye benchi letu. Maombi yalipofika mwisho, mimi nilikuwa bado nauliza moyoni, Janvier naye akainamisha kichwa. Neema peke yake ndiye aliyesema amina, akaisema kwa sauti, kwa ajili yetu sote.

Huku bado watu wanakimbia vijiji, na bunduki hazijanyamaza. Sijapata jibu, Baba Neema. Ila kila asubuhi namwuliza Mungu, naye ananivumilia. Lala salama, mume wangu, mpaka atakapotukutanisha.

Ni mimi mke wako,
Mama Neema