Insha ya Chiriku

3 Machi

Mama mpendwa,

…na bado sijakumalizia habari za mume wangu, maana karatasi ya juzi iliniishia! Hamjambo lakini? Mgongo wako je? Sisi wazima, nami nimenenepa kwa raha.

Laiti ungemwona Mwalimu wangu darasani! Mimi husimama dirishani kama mwizi, nikimtazama. Sarufi ya Kiingereza anaifundisha kama anaimba. Nami nyumbani nikikosea wakati uliopita, ananitoza busu. Mdogo wangu Chiriku naye, tangu aje kukaa kwetu, anang'ara. Kwenye mchezo wa kuigiza ndiye hakimu, na darasa zima linamwogopa. Sasa wanaandika insha za kushawishi. Mwalimu alimtaka kila mmoja atetee jambo analolichukia. Chiriku akatetea binti kuacha shule aolewe! Amekuwa wa kwanza. Nimeiweka humu, baba ajivunie.

Mwanao mwenye bahati

15 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo ni wa kuzoea tu. Barua zako namsomea baba yako, mambo ya busu nayaruka. Husema, "Tazama mkubwa alivyotulia kwa mumewe." Insha ilitushinda, Kiingereza kitupu. Baba yako akampelekea mwenye mashine ya kusaga, yule mgane anayemtaka Chiriku tangu mwaka jana. Akaitafsiri yote, akitabasamu. Nikasema hilo ni zoezi la shule. Baba yako akanijia juu: "Zoezi gani? Si mkono wake huu?" Ijumaa baba yako anakuja huko kumchukua Chiriku, amwoze. Mumeo amzuie.

Mama yako

12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini unapata usingizi, sisi hatupati.

Barua yako ilichelewa, baba aliitangulia. Nilimkimbilia mlangoni nikishangilia mgeni. Alisema unaumwa, unamtaka Chiriku. Nguo zake nilizikunja mimi, Mama. Nikamwambia, "Wahi kurudi, hakimu, kesi zinakungoja."

Mwalimu alipofika huko ndoa ilikuwa imeshafungwa. Baba alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Unasema vizuri, mkwe wangu. Ila mwanafunzi wako alinishawishi kwanza." Tangu Mwalimu arudi, darasani anawapa wanafunzi kunakili tu.

Barua hii usimsomee baba. Mfikishie Chiriku salamu; kama hataki kuzipokea, mwache. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, nikae mlangoni kwake mpaka anifungulie.

Mwanao