Bando la Mazishi

Jumapili, 11 Januari

Mashuka ya ghorofa ya saba tena. Mashine moja ya kukaushia imekufa, kwa hiyo tumeanika, tumekunja, tumelaaniana. Nimerudi bweni letu la wafanyakazi huku Al Qusais na kabla sijanywa hata maji nimefungua Ngome. Mchezo una jina refu la Kiingereza, mimi nauita Ngome tu. Unajenga ngome yako, unaingia kikosi, mnapigana na vikosi vya watu msiowajua. Leo tumepangwa tena na wale walionunua majoka. Hawajui kucheza. Hawahitaji kujua. Joka moja la kununua linabomoa kuta nilizojenga tangu mwezi wa nane.

Nina hasira ya kijinga. Mwanamke mzima, dobi wa hoteli, nanuna kitandani kwa sababu ya ukuta wa picha.

Bi Zuwena ametuma sauti kwenye kundi. Yeye ndiye kamanda wetu. Mama wa Kizanzibari, ana duka la vitambaa Al Baraha, ana wajukuu, na hajawahi kununua kitu kwenye mchezo. "Mie sinunui upanga wa picha," husema. Leo kasema tumeshindwa kwa heshima, kesho tuwahi. Nimecheka. Nekesa, kitanda cha pili, akauliza nacheka nini. Nikamwambia si kitu.

Jumanne, 13 Januari

Mama yake Nekesa amefariki.

Simu ilimkuta kwenye vyumba vya wageni, anatandika. Alimaliza kutandika. Hilo ndilo limeniliza mimi. Tulipanda ndege moja kuja huku, tumelala chumba kimoja tangu siku hiyo. Nimeweka mkono mgongoni mwake tu.

Ameomba ruhusa aende akazike. Madam wa ofisini amesema pole sana. Kisha akasema hoteli imejaa, labda mwezi wa tatu.

Alhamisi, 15 Januari

Mazishi ni Jumamosi, kwao Bungoma. Mdogo wake Simiyu atashika simu aonyeshe kila kitu moja kwa moja. Na kwa kuwa Nekesa hayupo, Simiyu atarusha udongo kaburini mara mbili, mmoja wake, mmoja wa dada yake, na atamtaja jina. Nekesa anataka kuuona mkono huo. Mengine hajali. "Nikiona udongo wangu ukiingia, nitajua nimemzika mama," ameniambia.

Simu yake ni ndogo, video zinakwama. Yangu ni kubwa. Niliinunua kwa ajili ya Ngome, ingawa kila mtu nilimwambia ni ya kuongea na nyumbani. Nimesema tutatumia yangu. Nikajiona mtu mwema. Wi-Fi ya hapa leo ipo kesho haipo, kwa hiyo Nekesa amenunua bando kubwa la data akaliweka kwenye laini yangu. Nilitaka kununua mimi, akakataa. Hii ni ya mama, akasema.

Ngome nao wametangaza. Msimu mpya unaanza Jumamosi. Majoka tuliyoyapata kwa jasho yatapunguzwa nguvu, mapya yatauzwa. Kila msimu hivyo hivyo. Wanakupa kitu, unakizoea, wanakinyang'anya, kisha wanakuuzia ndugu yake. Atakayepakua toleo jipya kabla ya Jumamosi jioni atapewa sanduku la dhahabu bure. Bure yao naijua. Nilishafungua masanduku mpaka aibu, nikitafuta joka, nikipata manyoya na rangi za mlango.

Hata hivyo nalitaka.

Jumamosi, 17 Januari

Nimefanya kitu kibaya.

Asubuhi Wi-Fi ilikuwa inakwenda, nikabonyeza kupakua toleo jipya la Ngome. Nikajua litamaliza mapema. Halikumaliza. Toleo lenyewe ni kubwa kama nyumba. Mchana Nekesa akavaa gauni jeusi, akajifunga kitambaa, tukaketi kitandani, simu tumeiegemeza kwenye ndoo. Tukazima Wi-Fi tutumie bando lake lisilokwama. Hapo upakuaji ulipaswa kusimama. Haukusimama. Kitambo niliuruhusu mchezo utumie data, ili nisitupwe nje katikati ya vita. Niliruhusu mwenyewe.

Na niliona. Lazima niandike hili. Juu ya kioo palikuwa na alama ndogo inayotembea, mimi ndiye niliyejua maana yake. Ningenyoosha kidole tu. Nikasema moyoni, umebaki kidogo, nikiusimamisha nitakosa sanduku.

Kwaya iliimba. Mchungaji akaomba. Tulimsikia Simiyu akihema akipenya katikati ya watu. "Dada, unaona?" "Naona." Jeneza likashushwa kwa kamba. Simiyu akainama achote udongo. Picha ikaganda hapo, mkono haujafika chini.

Ujumbe ukaingia juu ya kioo: bando lako limekwisha. Nikaupangusa kwa kidole gumba kabla Nekesa hajausoma. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni network ya huko kwenu."

Ilitoka yenyewe. Laini kabisa.

Ningeweza kununua jingine pale pale, isingechukua dakika. Lakini angeona. Kwa hiyo nilikaa nikimtazama akiitikisa simu yangu, akipuliza mahali pa spika, akiita jina la mdogo wake kwenye picha iliyosimama. Alipompata kwa simu yake ndogo, kaburi lilikuwa limefukiwa.

Jioni alilala na gauni lake. Mimi nikashika Wi-Fi, nikamalizia kupakua, nikafungua sanduku. Ndiyo. Nilifungua. Palikuwa na bendera ya bluu.

Jumapili, 18 Januari

Nekesa amemrushia Simiyu maneno tangu asubuhi. Anatuma sauti, anafuta, anatuma tena kali zaidi. "Nilikuambia usimame kule juu, karibu na kanisa! Kitu kimoja tu nilikuomba!" Simiyu akajibu kwamba network ilikuwa nzuri, na shangazi yao aliye Nairobi aliona mazishi mpaka mwisho. Nekesa akasema anadanganya. Akasema alikata makusudi kumwadhibu kwa kuwa hakuja.

Simiyu akamjibu: "Wewe ndiye ulituachia mama. Mimi nimemwosha, nimemlisha, nimemzika. Leo naitwa mwongo."

Ameizima simu. Amesema hana ndugu.

Mimi nilikuwa nakunja nguo zangu wakati huo wote. Kikulacho ki nguoni mwako, na Nekesa hajui niko nguoni. Baadaye akaja akaketi karibu yangu akanishukuru kwa kumwazima simu. Wewe angalau ulijaribu, akasema. Nikajibu usijali. Nimejichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Jumatatu, 19 Januari

Sikwenda vitani jana wala leo. Bi Zuwena akanitafuta: "We Mwende, umelala ama umeolewa?" Nikajifungia bafuni nikamtumia sauti ndefu. Yote. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Alijibu baada ya swala ya alasiri. Hakugusia mchezo. "Mwenzio kafiwa, nawe wamgombanisha na nduguye wa tumbo moja? Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kaseme leo."

Nilimkasirikia. Nikaanza kujitetea peke yangu, natembea kati ya vitanda. Kwamba huu mchezo umetengenezwa na watu wanaovijua vidole vyangu kuliko mimi. Kwamba wanaweka zawadi yenye saa ya mwisho, wanakutisha kwamba utakosa, wanapakua kitu kikubwa bila kukuuliza mara ya pili. Kwamba mtu anayechoka kama mimi ndiye wanayemtaka. Yote ni kweli. Lakini hakuna kampuni iliyopangusa ule ujumbe. Ni mimi, na nilifanya haraka sana. Hata mwizi husita kidogo.

Sikusema leo. Naogopa.

Jumanne, 20 Januari

Leo ilikuwa siku ya kunyoa. Kwao, siku chache baada ya mazishi, familia hukaa pamoja, hunyolewa nywele, na mambo ya marehemu husemwa mbele ya wazee. Watoto wote hutakiwa wasikike. Aliye mbali husikika kwa simu.

Simiyu akapiga. Nekesa akaitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Kisha shangazi. Huyo akapokewa. Nilisikia upande mmoja tu: hapana, shangazi, waendelee. Hapana. Mwambieni anyoe yeye, si ndiye mtoto peke yake?

Shangazi alikuwa analia. Hata mimi nilisikia kutoka kitandani kwangu.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikasema si network ya kwenu, ni bando lilikwisha, na lilikwisha kwa sababu mchezo wangu ulikuwa unalila. Nikasema niliuona ujumbe nikaufuta. Nilisema haraka, macho kwenye chai.

Aliuliza kitu kimoja. "Ulijua unapakua?"

Nilijua.

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Hakunipiga. Alinitazama kama mgeni aliyekosea chumba. Akachukua leso yake, akashuka ngazi akapige simu nje. Chai ikapoa, nikaimwaga.

Jumatano, 21 Januari

Simiyu amemtumia sauti. Nekesa aliisikiliza chumbani, hakuvaa vya masikioni. Sijui kama alitaka niisikie au hakujali tena kama nipo.

"Nilirusha, dada. Wako ulitangulia. Nikasema, mama, huyu ni Nekesa. Kisha ndio nikarusha wangu."

Aliirudia. Mimi niligeukia ukuta. Alilia kwa namna ambayo hakulia Jumamosi, mpaka mmoja wa wasichana wa Kifilipino tunaokaa nao akaja akamshika. Nilitaka kuwa mimi. Nilijua siwezi kuinuka.

Nimemwambia Bi Zuwena kwamba nimeshasema. Kanijibu: "Alhamdulillahi. Sasa nyamaza, usitake kusamehewa upesi." Alinijua. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu wa kumwomba Nekesa msamaha, wa tatu leo. Nikaufuta.

Ngome bado iko kwenye simu. Ningependa kuandika kwamba nimeitoa. Asubuhi nilijikuta nimeifungua nachukua zawadi ya siku, kabla akili haijaamka. Nikaifunga. Nimeona haya mbele ya nani, sijui, chumba kilikuwa kitupu.

Ijumaa, 23 Januari

Nekesa anasema nami ya lazima tu. Sabuni. Ufunguo. Zamu ya bafu. Si ukali, ni adabu, ile tunayowapa wageni wa hoteli. Nilimnunulia bando nikaliweka kwenye laini yake. Baada ya muda nikaona nimerudishiwa kwa thamani ile ile.

Nimemwandikia Bi Zuwena kwamba natoka kikosini, na wakati huu nimeitoa Ngome. Sikujisikia shujaa. Nimehisi tu mikono haina kazi. Nimeosha viatu vyangu vyote, hata vya kanisani.

Jumamosi, 24 Januari

Nilipitiwa na usingizi. Basi la wafanyakazi halingoji mtu. Kidole kimoja kikanigusa begani, mara moja. Nilipofungua macho Nekesa alikuwa ameshanipa mgongo, anafunga viatu. Nikamwambia asante. Akasema haya.

Kwenye basi niliketi nyuma yake. Tulipokaribia hotelini alivua kitambaa ili avae kofia ya kazi. Amenyoa. Kichwa chote, vizuri, hadi shingoni. Tangu tuje nchi hii nywele zake nazishika mimi peke yangu, kila Jumamosi ya mapumziko, yeye sakafuni mimi kitandani.

Sijui amenyolewa na nani.