Ndege wa Mvua na Shamba la Chini

Sosiot, Kericho
Mwisho wa Machi, 1995

Kaka yangu Mwadime,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na majani chai. Mgongo wako umetulia? Na mama bado anakataa kuvaa miwani mbele ya wageni? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo huniuma nikiteremka mtoni, na hasira, ambayo hainiumi hata kidogo.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, kwa mazoea ya darasani. Unasema kwa kuwa mume wangu Joel amefariki sina tena cha kunikalisha huku, na kwamba umenitengea chumba nyuma ya jiko. Asante. Lakini baba alipogawa shamba la Wundanyi, mligawana nyinyi wanaume watatu, nami nikapewa baraka. Sasa shemeji yangu Kiplangat ananiambia ardhi hii ni ya ukoo wao, nawe unaniambia nirudi kwenye chumba. Hamjawahi kuonana, lakini mngeweza kuandika barua moja.

Nimesoma vitabu vingi vya wanaume waliopigania ardhi. Wote walijua ni nani aliyenyang'anya ardhi. Sijaona hata mmoja aliyeuliza dada yake analima wapi.

Nikueleze yaliyotokea, kisha uniambie tena nifungashe.

Joel aliacha shamba la juu, lenye nyumba na chai, na shamba la chini, karibu na mto, la mahindi. Hilo la chini ndilo Kiplangat analitaka. Tangu Februari ameweka miche ya chai kwenye mifuko ya nailoni kando ya ua wangu, anaimwagilia kila jioni akipiga mbinja. Huku shamba lenye mahindi haliguswi na mtu mpaka mavuno. Hata mlevi huheshimu hilo. Lakini chai ni habari nyingine. Ikishika mizizi, aliyeipanda ndiye mwenye shamba, yeye na wajukuu wake. Kwa hiyo ilinibidi nitie mahindi ardhini kabla yeye hajatia chai.

Na mahindi, kaka, hapa kwetu hayapandwi kwa kalenda. Majirani wote wa mtaa, wenyewe huuita kokwet, wanamngoja ndege wa mvua, ambaye vitabu humwita kekeo. Miezi ya ukavu humsikii. Mvua ndefu inapokaribia hurudi akiita sauti tatu zinazoshuka, moja, mbili, tatu, tangu alfajiri mpaka umchukie. Anayemsikia kwanza huwaambia wenzake, na kazi ya kupanda huanzia shambani kwake. Joel alikuwa na sharti moja: ukimsikia, mtafute mpaka umwone. Nilidhani ni ubishi wake tu, kwa sababu kekeo hujificha juu mtini na kunyamaza ukimkaribia.

Mwanzoni mwa Machi nilimsikia. Sauti tatu, safi kabisa, kutoka vichakani kando ya mto. Sikumtafuta. Nilipanda mlima mbio na goti langu bovu nikaita watu, na siku mbili baadaye mtaa mzima ulikuwa umepanda, kuanzia kwangu.

Mvua haikuja. Udongo ukawa kama majivu, mchwa na panya wakala walichokula. Asubuhi moja nikashuka mtoni nikaketi, na zile sauti tatu zikaanza tena. Safari hii nilitazama. Juu ya kijiti alikaa ndege mdogo, kifua rangi ya machungwa, mstari mweupe juu ya jicho. Alimwiga ndege wa mvua, kisha, kwa koo lile lile, akalia kama mwewe, kisha akapiga mbinja ya Kiplangat akimwagilia miche. Kurumbiza, mwigaji. Na huyo ndiye ambaye kekeo humtagia mayai kiotani amlelee watoto. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko.

Ningeweza kunyamaza. Unanijua. Jumatatu nilisimama kwenye kituo cha kupimia majani chai, watu wakiwa na vikapu mgongoni, nikasema nilikosea na jinsi nilivyokosea.

"Shemeji," Kiplangat akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "miaka ishirini na mbili unakaa huku na bado ndege anakudanganya. Wenye nyumba wanajua ndege yao."

"Wewe ulipanda siku ile ile, Kiplangat," nikamwambia. "Alikudanganya kwa lugha gani?"

Walicheka. Jirani yangu Mama Chelangat hakucheka. Ni mwanamke mzee anayeishi peke yake, ng'ambo ya ua wangu.

"Mwalimu, maneno yako ni tamu," akasema. "Lakini debe yangu mzima imelala kwa udongo."

Jioni nilipukuchua mahindi niliyokuwa nimeyaweka darini nikampelekea nusu.

"Hii ni kuomba msamaha?"

"Ni mbegu."

"Sawa. Basi tukae chini tuongee." Akanivutia kigoda. "Kiplangat anasema shamba yako iko tupu. Jumamosi ijayo analeta miche. Mimi na wewe tutaenda kutafuta ile ndege. Wewe uko na masikio, mimi niko na macho. Na nikiona mimi, hakuna mtu atasema ni mgeni ameona."

Kaka, maneno hayo yaliniuma kuliko dhihaka ya Kiplangat. Nimefundisha nusu ya mtaa huu kusoma. Nimewazika watu wao nao wamenizikia wangu. Na bado nilihitaji macho ya mwenyeji ili masikio yangu yaaminiwe. Nilimwambia hivyo, kwa ukali.

"Ni kweli si haki," akasema. "Unataka haki ama unataka kupanda?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na ile iko karibu."

Tulishuka mtoni kila alfajiri, yeye na blanketi lake, mimi na chupa ya chai. Kurumbiza alituchezea atakavyo, Mama Chelangat akawa anamtukana kwa Kipsigis maneno ambayo sikufundishwa na mume wangu. Siku ya nne sauti ikatoka juu kabisa, kwenye mkuyu wa ng'ambo. Tulivuka kwenye mawe polepole. Ilinyamaza. Tukasimama majini mpaka vidole vikafa ganzi. Ikaanza tena.

"Pale," akanong'ona. "Tawi kavu. Mgongo kama jivu."

Nikamwona. Koo lilikuwa jekundu la kutu, likivimba kwa kila mwito, na tumbo lina mistari.

"Mwigaji hana mistari," akasema. "Ni yeye."

Akajifunga blanketi kiunoni akapanda mlima kuwaambia watu. Hakuniachia hata mimi niseme.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi walikuja sita. Wengine walikaa kwao, na siwalaumu. Mbegu hazitoki hewani. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba Kiplangat alipotokea na miche yake kwenye mkokoteni.

"Nani amewaambia mpande?"

"Mimi," akasema Mama Chelangat, bila kuinua mgongo.

"Kwa shamba ya nani?"

"Ya huyu tunapandia. Sogeza gurudumu, unakanyaga mbegu."

Alitutazama mmoja mmoja, akanitazama mimi mwisho. Nilikuwa na maneno mengi sana tayari. Nikachimba shimo lililofuata. Akageuza mkokoteni akarudi na miche yake yote.

Leo ni siku ya nne tangu tupande. Mvua bado. Watu wanaangalia mawingu, kisha mlango wangu. Waangalie. Mahindi yakikataa nitapanda maharagwe, yakikataa hayo nitapanda viazi, lakini shamba lile halitakuwa tupu tena nikiwa hai. Na baada ya mavuno nitapanda chai. Mimi mwenyewe, kwa jina langu. Nimeshaagiza miche.

Msalimie mama, umwambie binti yake hajakonda. Msalimie shangazi Mghoi aliyenifundisha kushika jembe, na mkeo, ambaye najua hakuulizwa kuhusu kile chumba. Usije kunichukua. Njoo kunitembelea, nitakuchinjia kuku, nawe utalala utakapoonyeshwa, kwa sababu utakuwa mgeni wangu.

Ni mimi, dada yako wa Sosiot,
Wakesho