Wimbo Mmoja kwa Mume wa Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti

Jino limetoka! La mbele, la juu, pale pale ninapokazia tarumbeta. Daktari Fusi kavuta mpaka nimeona nyota mchana. Usaha ulikuwa umeshakula mfupa, anasema. Kajaza shimo unga wa mfupa, kafunika, kashona. Taya litajijenga juu ya unga huo, halafu atanipandikizia jino jipya. Nisivute sigara. Nisinywe kwa mrija. "Na usipulize kitu, Siaosi, hata moto wa kuni, mpaka niseme mimi."

Mimi! Mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa!

Jumatano, 6 Agosti

Shavu limevimba. Mke wangu Kalo ananipondea magimbi kwa tui, yaliyopoa. Anasema kati ya watoto wake wote mimi ndiye msumbufu. Maji ya chumvi nayashika tu mdomoni, kisha nayaacha yadondoke. Sigara sijagusa. Nataka kupona, basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezini wamenipa ngoma. Ngoma! Wakanicheka: bubu kapewa fimbo. Nimecheka nao, mdomo nimefumba. Roho iliniuma.

Alhamisi, 14 Agosti

Mume wa Shangazi Lavinia amefariki. Mzee wa watu, ndiye aliyeninunulia tarumbeta langu la kwanza. Nimelia sana.

Jioni Shangazi kaniita. Nikakaa chini mkekani, kichwa kisizidi chake. Hata marehemu baba, kaka yake, hakuwahi kumwambia hapana. Mtonga gani hapa visiwani kwetu anamkatalia dada wa baba yake? Shangazi akasema mumewe aliomba wimbo wake kaburini, nipige mimi, peke yangu. Nikamwonyesha pengo. Shangazi, nikasema, mfupa bado.

"Mume wangu anakwenda mzima mzima ardhini, wewe unanililia kimfupa?"

Nikasema ndiyo, Shangazi, nitapiga. Ulimi huu!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Daktari Fusi. Kafurahi: fizi inaziba vizuri. Lakini ndani bado ni uji, anasema. Nikipuliza kwa nguvu mshono utaachia, unga utamwagika, taya litanywea. Jino jipya halitapata pa kushika, na tarumbeta ndiyo kwaheri.

Nikauliza: wimbo mmoja tu? Wa mazishi?

Akaacha kuandika. Nani kakuomba? Nikamwambia. Akaenda kuosha mikono, akaosha weee. "Usiniulize tena," akasema. "Na mimi nina shangazi."

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nyuma ya ukuta wa kanisa. Kalo alitaka kwenda kumsihi Shangazi. Nikamkataza — mke wa mpwa, amwambie nini? Kanuna, lakini kaniwekea kitambaa safi mfukoni, cha damu.

Jeneza linatoka. Bendi imenyamaza, wananingoja. Tarumbeta langu linameta kuliko siku zote. Sikulisugua mimi. Shangazi alilichukua jana, kalisugua mwenyewe, kanirudishia limefungwa kwenye shati la marehemu.

Naogopa. Ulimi hautulii, unapapasa mshono.

Bado umeshika.

Shangazi kageuka, ananitafuta —