Tetere wa Uani Gerezani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama, shikamoo yako imefika. Huku tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini chai haimpiti. Unauliza ufanyeje ili ndege wa huko kwenye baridi waje kula punje unazowamwagia uani.

Nilipoolewa, nikaletwa mtaa wa Gerezani kutoka Moshi. Mama mkwe alikuwa mkimya mno, nikadhani hanipendi, nikaanza kuwaza kurudi kwetu. Asubuhi moja ya kipupwe tulikuwa uani tukipepeta mchele tulioupangia foleni, chenga zikamwagika. Tetere wawili wakatua ukutani. Nikainuka kuwaita, wakaruka.

“Kaa, mwanangu,” mama mkwe akasema. “Usiwaite. Waache wakuzoee.”

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu. Tukakaa bega kwa bega, mpaka tetere wakarudi, wakadonoa karibu kabisa na miguu yetu. Nilipomtazama, alikuwa anatabasamu kama msichana. Kumbe ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuzoeana polepole. Habari ya kurudi Moshi ikaishia pale.

Basi wamwagie, kisha kaa utulie. Wasipokuja leo, kesho kaa tena, na uvae sweta.

Bibi yako anayekuwaza