Nilichomwambia Beki wa Uskoti

Muaither, Doha
Ijumaa

Dada Nekesa,

Kabla sijakusalimu, kaa chini kwanza usije ukaanguka: katika Ghuba hii yote hakuna beki wa mpira wa magongo anayenifikia. Hata lile ghorofa ninalolinda West Bay huinama kidogo nikipita. Usicheke, mate yataharibu karatasi.

Haya, sasa salamu. Hujambo dada? Goti la Mama bado linamsumbua, au amelisahau kwa kukimbizana na kuku wa jirani? Mimi mzima. Jua la huku linatoa jasho hadi kwenye kucha, lakini kiyoyozi cha mapokezi ni rafiki yangu. Barua hii anakuletea Opiyo, tunayelala naye chumba kimoja; anakuja likizo. Ningekupigia simu, lakini kuna maneno ningeyameza.

Umeniuliza mara mbili kama yule Madam Ailsa wa ghorofa ya tisa amepata nafasi ya mtu wa kumsaidia kufundisha wasichana magongo shuleni kwake. Umesema umechoka kusuka nywele za watu, mikono inataka gongo. Nitafika hapo. Kwanza nikueleze tulivyojuana.

Alipita mapokezi na mfuko mrefu mgongoni. Wenzangu wakabishana, huyu anasema ni fimbo ya kuvulia samaki, yule anasema bunduki. Nikawaambia, "Washamba nyinyi, hilo ni gongo la hoki!" Akageuka. "Umelijuaje?" Nikamwambia nilizaliwa nalo mkononi. Tangu siku hiyo, kila akirudi kazini lazima asimame tupige stori.

Dada, huyo mama amechezea Uskoti zaidi ya miaka kumi, beki wa nyuma kabisa. Mechi ya kwanza walifungwa mpaka akajifungia bafuni kulia. Alikuwa mwalimu tangu huko kwao, kwa hiyo kwenye safari za timu alisahihisha madaftari ndani ya ndege. Kwenye kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, yeye ndiye aliyechomoka golini wa kwanza kuukimbilia mpira, na mpigaji amempania. Ana kidole kimepinda, anakipenda kuliko medali. Olimpiki hakwenda: kule Waskoti huunganishwa na Waingereza kuwa timu moja, na orodha ilipotoka jina lake halikuwemo. Akalifungia gongo kabatini. Kisha Jumamosi moja mvua ikanyesha, akajua wenzake wako uwanjani wanalowa bila yeye, akalitoa.

Yeye akisimulia, mimi niko kwetu Webuye. Nakuona kwenye kile kiwanja cha murram, sketi nyekundu kwa vumbi, unawafokea wenzako, "Magongo chini! Chini, bana!" Mimi niko mstarini na sweta lako mapajani, namtukana refa. Unakumbuka tukirudi tunakula miwa, unanifundisha kukaba kwa kijiti cha mpera? Mguu wangu haukukosa kuukanyaga mpira. Ulisema nikaoe tu, michezo niwaachie watu.

Nisalimie Mama. Nisalimie mjomba wetu fundi baiskeli, mwambie huku baiskeli ni za watoto wa matajiri. Shangazi wa kanisani aendelee kuniombea, ila apunguze kelele.

Nilitaka kumalizia hapo. Opiyo anafunga begi, ananitazama.

Madam aliniuliza, "Na wewe ulicheza wapi?" Si unanijua. Nikamwambia nilikuwa beki wa shule, tukafika fainali ya taifa. Kwamba nilizuia kona fupi kwa goti, likavimba kama papai. Kwamba niliitwa kambi ya timu ya taifa Nairobi nikakosa kwenda, kwa sababu Mama alikuwa amelazwa na kuna mdogo wangu wa kutunza. Hapo machozi yakamlengalenga. "Ile ilikuwa nafasi yako," akasema. Nilitembea kama jogoo wiki nzima.

Mwezi uliopita akaja mbio. "Shule imekubali! Namtaka mwanamke aliyecheza beki, hata akitoka Kenya tutamleta. Humjui mmoja?"

Nikafungua mdomo nikutaje. Nitamwambia nini? Kwamba dada yangu naye alifika fainali, naye goti likavimba, naye akaikosa kambi? Maisha yako yote nilikuwa nimeshayavaa mimi, na kuyavua mbele yake nikaona haya.

Wamemchukua mwingine. Ameanza Jumapili.

Aliniuliza kama ninakujua, dada, nikasema hapana.

Mdogo wako,
Wafula